Skaneri ya tumbo bila dawa: familia iambiwe ukweli

Mgonjwa anafikishwa hospitalini Bukavu usiku, tumbo limekaza kama ubao. Skaneri iko, lakini dawa inayodungwa mshipani ili picha ionekane vizuri haiko, ama familia haina pesa ya kuinunua. Je, picha ipigwe hivyo hivyo?

Kwa maoni yangu, ndiyo. Hata bila dawa hiyo, skaneri inaonyesha vizuri mawe ya figo, na pia hewa inayotoka kwenye utumbo uliotoboka, kama inavyotokea kwa tifoidi. Hapo mganga anajua lazima apasue haraka.

Lakini haionyeshi vizuri majeraha ya ini na wengu, wala utumbo uliokosa damu. Utafiti uliotolewa Marekani mwaka 2023 katika jarida JAMA Surgery ulikuta kwamba, bila dawa, usahihi wa picha za tumbo unapungua kwa karibu asilimia 30.

Basi hospitali ziandike wazi kwenye matokeo kwamba picha ilipigwa bila dawa, na ni nini hakikuweza kuonekana. Familia isiambiwe tu «hakuna kitu», kisha irudishwe nyumbani Kadutu ama Bagira. Tumbo likiendelea kuuma, mgonjwa abaki, na mganga alipapase tena baada ya saa chache.