Mbio za Magari Juu ya Katoni Si Kamari

Muhula uliopita mwalimu wa zamu alitukuta nyuma ya darasa saa ya chakula cha mchana. Tulikuwa watu sita tumeinamia katoni moja. Akaiona dadu, na hakuuliza zaidi. "Kamari!" akasema. Akaikunja katoni yetu akaenda nayo, vifuniko vyetu vya soda vikamwagika mchangani. Nyasi tulifyeka, na kinyongo sina. Lakini wahenga walisema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Naomba niueleze mchezo wenyewe.

Juu ya ile katoni tulikuwa tumechora barabara inayozunguka kisiwa chetu cha Rusinga. Inaanzia darajani kule Mbita, inapita Kamasengre, Kaswanga na kwingineko, kisha inarudi pale pale darajani. Tuliigawa visanduku mia moja. Kila mchezaji ana vifuniko viwili, ndiyo magari yake. Unarusha dadu, unasogea. Mpaka hapo ni bahati tu, hata mimi nakubali. Utamu uko kwenye sheria mbili.

Ya kwanza ni upepo. Anayeendesha baiskeli huku upepo wa ziwa ukimpiga usoni anaijua raha ya kujificha nyuma ya mwenzake. Wa mbele anaukata upepo, wa nyuma anapumzika. Kumbe magari nayo ni hivyo! Kule Marekani kuna mashindano ya NASCAR, yaliyoanzishwa mwaka 1948 kwa ajili ya magari ya kawaida kama yanayouzwa dukani. Huzunguka uwanja wa mviringo yakifuatana karibu kugusana, kwa sababu ya upepo huo huo. Basi kwetu gari lililo nyuma ya lingine bila nafasi katikati huongezewa visanduku viwili.

Ya pili ni matairi. Kila mtu ana kokoto tano. Ukitaka kasi, unarusha dadu mara mbili, lakini unalipa kokoto moja. Zikiisha unakaa zamu tatu ukibadilisha matairi huku wenzako wanapita wakikucheka. Hii tuliiga Safari Rally yetu, iliyoanza mwaka 1953. Mwaka 1963, na tena 1968, magari saba tu ndiyo yaliyomaliza. Joginder Singh alikuwa kati ya hao saba mara zote mbili, na mwaka 1965 alishinda na ndugu yake Jaswant kwa Volvo iliyokwishatumika na wengine. Mnaona? Kwenye njia mbovu hashindi mwenye kasi peke yake. Hushinda anayejua lini apunguze.

Mtu ataniuliza, kwa nini tusicheze drafti tu? Drafti naipenda, lakini ukishaliwa kete nne unangoja kuzikwa. Kwenye mbio zetu aliye mbele anakula upepo, aliye nyuma anajificha na kuhifadhi kokoto zake. Mpaka kisanduku cha mwisho hujui nani atashinda. Tuna mwenzetu mmoja ambaye huburura mkia katika mtihani wa hesabu, na darasani hafungui mdomo. Basi huyo ndiye aliyekuwa akitushinda sote! Alikuwa akipiga hesabu ya visanduku na matairi kichwani kabla mimi sijamaliza kuhesabu kwa vidole. Katoni ilipochukuliwa yeye ndiye aliyeumia zaidi. Amerudia kunyamaza.

Sitaki kuwa mwongo. Siku moja tuliwekeana mandazi, na aliyeleta wazo hilo ni mimi. Nilishindwa, nikakaa na njaa mpaka jioni. Hapo mwalimu ana haki, na nimekoma. Lakini jamani, kosa lilikuwa mandazi au katoni? Wazee wetu hucheza ajua, na hakuna anayewaita wacheza kamari. Kamari ya kweli siku hizi imo ndani ya simu. Unabonyeza, pesa inaondoka, kisha unangoja timu ambayo huwezi kuisaidia hata kwa mate. Sisi kila zamu tunaamua wenyewe: nikimbie au nitunze tairi?

Kwa hivyo nawaomba walimu wetu waturuhusu siku moja kwa wiki, ndani ya darasa, mlango wazi. Asiwekeane mtu kitu, na atakayekaidi afukuzwe mchezoni. Mwalimu wa hesabu akipenda aje acheze, tutampa magari mekundu.

Katoni nyingine nimekwisha kuichora. Iko nyumbani chini ya kitanda, inangoja ruhusa. Na yule mwenzetu anangoja pia. Aliye nyuma hajashindwa.