Goroli kwanza, hela baadaye

Vijana wenzangu, na nyinyi wa mashirika, hili la fuawe tuliongee. Kikundi chetu cha uhunzi kililetewa fuawe mpya, rangi inang'aa. Kumbe chuma cha kumimina! Miezi miwili tu kona ikamegeka, uso ukabonyea. Majembe ya watu yamelala mpaka leo.

Mimi nasema bora kuukuu ya chuma cha pua. Ukienda kununua, beba goroli ya beringi. Iachie juu ya uso: ikiruka na kurudi karibu ilikotoka, uso ni mgumu, ikidunda kivivu, ondoka. Kutu isikutishe. Uso uliotoka kupigwa grenda ndio wa kuogopa, maana huenda gamba gumu limeliwa.

Nyingi za zamani za Uingereza zina tarakimu tatu ubavuni. Mfano 1-1-10: ya kwanza inahesabu ratili 112, ya pili ratili 28, ya tatu ratili moja moja. Jumla 150, kama kilo 68. Muuzaji akisema kilo mia, mpigie hesabu hiyo.

Hela haitoshi? Kipande cha reli kinafaa, ila uliza kimetoka wapi, polisi hawatamtafuta muuzaji, watakukamata wewe mkimbizi. Na nyinyi wa mashirika, safari ijayo mwendeni sokoni na mhunzi, si mhasibu peke yake.