Tusiulize Jibu Tulilokwisha Kulitunga

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Hawakusema kwamba kila kuuliza ni utafiti. Kila mwaka, hapa Jinja na kule Mbale, wanachuo na hata walimu wenzetu hupita madarasani na sokoni wakiwa na karatasi za maswali juu ya hali ya Kiswahili. Baada ya miezi michache tasnifu hupigwa chapa, hutiwa jalada, na mwenyewe hupata shahada yake; lakini ujuzi wetu juu ya Kiswahili cha mashariki ya Uganda hubaki palepale. Nadai kwamba sehemu kubwa ya kazi hizo haistahili kuitwa utafiti, na kwamba wanaozipitisha wanastahili lawama sawa na wanaoziandika.

Jambo hili si la mzaha. Katiba ya Uganda ilirekebishwa mwaka 2005, Kiswahili kikatajwa kuwa lugha rasmi ya pili. Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliafiki kwamba kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Walimu wapelekwe wapi kwanza? Mtoto wa Busoga aanzie wapi, na mtoto wa Bugisu anayeishi karibu na mpaka wa Kenya aanzie wapi? Maswali haya hayajibiwi kwa hisia. Utafiti ukiwa mbovu, mipango nayo itakuwa mibovu, na atakayelipa gharama ni mwanafunzi.

Kosa la kwanza ni swali lenye jibu tumboni. Mtafiti humwuliza mchuuzi: “Je, watu hukichukia Kiswahili kwa kuwa kilikuwa lugha ya askari?” Mchuuzi, kwa adabu, huitikia “Ndiyo”. Hapo mtafiti hupiga mstari na kuandika kwamba amethibitisha. Amethibitisha nini, zaidi ya adabu ya mchuuzi? Ni kweli kwamba Kiswahili kilitumika jeshini, na ni kweli kwamba Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973. Lakini utawala wake ulianguka mwaka 1979, na wengi wa wanaouza na kununua katika soko la Mbale leo walizaliwa baada ya hapo. Chuki ya babu haiwezi kuandikwa kwa jina la mjukuu kabla mjukuu mwenyewe hajaulizwa. Tena aulizwe bila kuelekezwa: anatumia lugha gani, na nani, kwa shughuli gani.

Kosa la pili ni kubeba takwimu za zamani kama kwamba zimetoka shambani leo asubuhi. Kitabu cha Ladefoged, Glick na Criper juu ya lugha za Uganda, kilichochapishwa mwaka 1972, kilikadiria kwamba watu 39 katika kila 100 waliweza kuzungumza kwa Luganda, 35 kwa Kiswahili, na 21 kwa Kiingereza. Kazi ile ilikuwa ya maana sana. Lakini sensa ya mwaka 1969 ilihesabu watu milioni 9.5 tu, ile ya mwaka 2024 ilihesabu karibu milioni 46. Anayeandika leo kwamba “asilimia 35 ya watu wa Uganda wanajua Kiswahili” anazungumza juu ya nchi nyingine. Aidha, kuweza kuzungumza si kuweza kusoma wala kuandika. Mwandishi hawezi kulichukua neno “kuzungumza” ukurasa wa kwanza na kuligeuza “kujua” ukurasa wa kumi.

Kosa la tatu, nalo ndilo kubwa, ni kutangaza kwamba njia fulani inafaa bila kuilinganisha na nyingine. “Nilifundisha ngeli kwa nyimbo, wanafunzi wakafaulu.” Wangefaulu pasipo nyimbo? Hakuna ajuaye, kwa sababu hapakuwa na darasa la pili la kulinganisha.

Wenye kutaka mfano wautazame Mbale penyewe. Hospitali ya Mbale ilikuwa miongoni mwa hospitali za Uganda, Kenya na Tanzania zilizoshiriki katika uchunguzi uliotangazwa mwaka 2011 juu ya watoto mahututi wenye homa kali, ambao damu yao haikuzunguka vyema mwilini. Kwa miaka mingi madaktari waliamini kwamba mtoto wa namna hiyo hana budi kutiwa maji mengi kwa haraka kupitia mshipani. Imani hiyo ilikuwa na mantiki, na ilikuwa imeandikwa vitabuni. Basi watoto 3,141 waligawanywa kwa kura katika mafungu matatu: mawili yalipewa maji ya haraka ya aina mbili mbalimbali, la tatu halikupewa. Katika saa 48 za mwanzo, walikufa kiasi cha asilimia 10.6 na 10.5 katika mafungu mawili ya kwanza, na asilimia 7.3 katika fungu la tatu. Dawa iliyosadikiwa ilikuwa ikiua. Pasingalikuwa na fungu la tatu, kila mtoto aliyepona angalihesabiwa kuwa ushahidi wa kuisifu.

Kosa la nne ni kutangaza zaidi ya ulichokiona. John Speke alifika kwenye maporomoko ya Jinja tarehe 28 Julai 1862, akatangaza kwamba suala la chanzo cha Naili limekwisha. Hakuwa amelizunguka ziwa, wala hakuufuata mto hatua kwa hatua. Wapinzani wake walikuwa na haki ya kumdai ushahidi, na ubishi uliendelea hata baada ya kifo chake mwaka 1864. Stanley ndiye aliyelizunguka ziwa mwaka 1875. Ndiyo, Speke alisema kweli. Lakini kusema kweli kwa kubahatisha si kuthibitisha.

Wapo watakaojibu: “Sisi ni walimu wa kawaida, hatuna fedha wala mashine.” Jibu hilo silikubali. Mwenye mikondo miwili ya darasa moja aweza kuwagawa wanafunzi kwa kura, akafundisha kwa njia mbili, akatoa mtihani mmoja, kisha akampa mwalimu wa shule nyingine asahihishe karatasi zisizo na majina. Gharama yake ni chaki na uaminifu.

Kwa hiyo napendekeza kwamba jarida letu lisichapishe makala yoyote ya utafiti isiyotaja mambo manne: ni nani walioulizwa na walichaguliwaje; ni wangapi waliokataa kujibu; maswali yaliulizwa kwa maneno gani na kwa lugha gani; na matokeo gani yalikwenda kinyume na matarajio ya mwandishi. Hata hivyo kazi haiishi kwenye uchapaji. Mwalimu mkuu aliyetoa vipindi vyake, na mama muuza ndizi aliyeacha wateja akajibu maswali, wana haki ya kuelezwa kilichopatikana, kwa lugha wanayoielewa. Ni aibu kuchunguza Kiswahili kwa watu wa Jinja, kisha kuwaficha matokeo ndani ya Kiingereza cha maktaba.

Ndugu walimu, muhula ujao mwanachuo atakapobisha hodi na karatasi zake, tuzisome kabla ya kumfungulia darasa. Akiwa amekwisha kulitunga jibu, tumrudishe kwa heshima akatunge swali.