"INGIA MTANDAONI" NDIYO "NJOO KESHO" YA SIKU HIZI

Ndugu wanachama, na ndugu wageni mnaosimama hapa ukutani kusoma,

Zamani mkulima akifika ofisini aliambiwa "njoo kesho". Siku hizi anaambiwa "ingia mtandaoni". Sisi tunasema maneno hayo ni mapacha. Maana yake ni moja: ondoka mbele yangu.

Asitokee mtu akasema wakulima wa Mhunze wanapinga maendeleo. Kompyuta hatuikatai. Tukilipa ada kwa kontroo namba, fedha inakwenda serikalini bila kupita mkononi mwa karani, na hilo ni jema. Sheria ya Serikali Mtandao ya 2019 ipo, nayo hatuna ugomvi nayo. Ugomvi wetu ni na karani anayejificha nyuma ya kompyuta.

Tazameni mambo yanavyokwenda. Mama mmoja, mwanachama wetu, alikwenda ofisi fulani kushughulikia cheti cha kuzaliwa cha mwanawe. Kijana anaomba mkopo wa chuo, na cheti lazima kihakikiwe kwanza. Mama ana simu ya kitochi. Dirishani, bila hata kuamkiwa, akaambiwa: "Mama, siku hizi ni mtandaoni." Akaenda steshenari. Akalipa kufunguliwa barua pepe, akalipa kujaziwa fomu, akalipa kuchapiwa. Halafu karatasi ile ile akatakiwa airudishe dirishani! Aliporudi, mtandao "unasumbua". Sasa jamani, foleni imeondoka wapi? Imehama tu kutoka barazani kwa ofisi kwenda dukani, na huko dukani ina bei.

Kijana wa steshenari hatumlaumu, naye anatafuta riziki. Lakini tuione hatari. Barua pepe kaifungua yeye, pasiwedi anaijua yeye, na mara nyingine hata namba ya simu iliyoandikwa ni ya kwake. Majibu ya mkopo yakija yanafika kwa nani? Na mbolea ya ruzuku, tangu msimu wa 2022/23, anapata mkulima aliyeandikishwa kwenye mfumo na mwenye namba yake. Namba yako ikikaa kwenye simu ya mtu mwingine, mfuko wako wa mbolea uko mikononi mwa mtu huyo.

Wazee wetu walikwisha liona jambo hili. Enzi za mkoloni mnunuzi wa pamba alikuja na mizani yake, akaisoma mwenyewe, mkulima akatajiwa ratili tu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa kanda hii ya Ziwa, Paul Bomani akiwa mstari wa mbele, hawakuivunja mizani ile. Waliweka watu wao wa kuhakiki uzito. Kutoka hapo vyama vya msingi vikaenea, na mwaka 1955 likaundwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria. Ndugu, kompyuta ndiyo mizani ya leo. Haifai isomwe na upande mmoja peke yake.

Kwa hiyo tunadai:

1. Ofisi yoyote inayosema "ingia mtandaoni" iweke meza, kompyuta na mtumishi wa kumsaidia mwananchi asiye na simu kubwa, bila malipo. Mishahara inatoka kwenye kodi na ushuru wetu.

2. Mtandao ukikatika, karatasi ipokelewe, igongwe muhuri, na mwenyewe apewe tarehe ya jibu. Mtandao si mvua kwamba tungoje tu inyeshe.

3. Mlangoni yaandikwe wazi: ada halali, vitu vya kuleta, na siku za kungoja. Mtu asitoke Lagana mara tatu kwa sababu ya karatasi moja aliyokuwa hajaambiwa.

Wakikataa kusema, tuandike barua. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inaitaka ofisi ya umma imjibu mwananchi aliyeomba taarifa ndani ya siku 30. Barua ya chama yenye muhuri si rahisi kuitupa kapuni.

Na sisi wenyewe tusikae tukilalamika tu. Chama kiteue vijana wawili, watoto wa wanachama, wakae ofisini kwetu siku za mnada wawajazie wenzao fomu. Hao ndio watakuwa wapima mizani wetu. Kila mwanachama aandikishe laini yake mwenyewe. Pasiwedi aitunze kwenye daftari lake nyumbani, asimwachie mtu wa dukani. Tunaomba jambo hili liingie kwenye ajenda ya mkutano mkuu, na mwenye kupinga asimame aseme mbele ya wote, si vichochoroni.

Mtumishi wa umma ameitwa mtumishi kwa kuwa kazi yake ni kutumikia. Tukienda dirishani hatuendi kuomba sadaka. Twende wawili wawili, tuulize kwa adabu, wala tusiondoke bila jibu.

USHIRIKA NI NGUVU!