Blanketi la Maua na Thamani ya Saa Zetu



Sifa njema zote zamstahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na masahaba zake.

Kusi linapovuma, nyumba zetu za Pwani hubadilika. Usiku wa Julai na Agosti upepo hupenya madirishani, mama aliyejifungua humkumbatia mwanawe kwa leso mbili badala ya moja, na mzee aamkaye kwa ajili ya Alfajiri hutafuta kitu cha kujifunika magotini. Ndio wakati ambapo akina mama wengi huzitoa sindano zao za kroshia kabatini. Wiki hii tunazungumzia blanketi linaloungwa kwa miraba midogo, kila mraba ukiwa na ua katikati yake. Tutaeleza asili yake na namna ya kulifuma, kisha tutalitazama jambo ambalo aghalabu huachwa nje ya mazungumzo ya kazi za mikono, nalo ni haki ya yule aliyelifuma.

Asili ya kazi hii

Wazungumzao Kiingereza huuita mraba huu mraba wa nyanya, kwa kuwa ulishikamana na picha ya bibi aliyeketi akiunganisha mabaki ya nyuzi za rangi mbalimbali. Maelekezo ya mraba wa namna hiyo yalichapishwa Marekani mwaka 1885 katika jarida la wakulima liitwalo Prairie Farmer. Lakini ua la kroshia lina historia iliyo nzito zaidi. Katika miaka ya 1840 ugonjwa wa viazi uliiangamiza mimea ya Ayalandi, ikazuka njaa iliyoua watu wapatao milioni moja. Wanawake na mabinti wa nchi ile walifundishwa kufuma lesi kwa kroshia, wakatengeneza mawaridi yenye petali zilizoinuka juu ya kitambaa, kila ua likifumwa peke yake kisha yakaunganishwa. Lesi hiyo iliuzwa kwa wenye uwezo, na mapato yake yakawa chakula cha nyumba nyingi.

Sisi wa Pwani hatuna ugeni na kazi ya vipande. Mkeka huanza kwa ukili mwembamba unaosukwa hatua kwa hatua, kisha ukashonwa ubavu kwa ubavu. Kofia ya viua hujazwa nakshi kwa miezi, mshono baada ya mshono. Na vitambaa vya kroshia vilivyotandikwa juu ya makochi yetu vimeshuhudia posa, hitima na wageni wa Idi. Blanketi la maua ni ndugu wa kazi hizo. Linamfaa mwanamke ambaye siku yake imekatwakatwa vipande vipande, kwa sababu mraba mmoja huweza kukamilika baina ya Alasiri na Magharibi, ukawekwa kando bila ya kuharibika.

Uzi na sindano

Kwa hali ya hewa yetu uzi wa pamba ndio unaofaa zaidi. Hunyonya jasho, hauchomi ngozi ya mtoto na hustahimili kufuliwa mara kwa mara. Uzi wa akriliki ni mwepesi na bei yake ni nafuu, lakini hauvumilii pasi ya moto, kwani huyeyuka. Sufu tuwaachie jamaa zetu walioko nchi za baridi, na huenda wao ndio watakaokuwa wanunuzi wetu.

Kabla ya kuanza, lowesha kipande cha kila rangi, hasa nyekundu na buluu iliyokoza, ukifunge ndani ya kitambaa cheupe kwa usiku mmoja. Rangi ikitoka, uzi huo usikaribishwe karibu na nyeupe. Kwa uzi wa unene wa wastani, sindano ya milimita 4 inatosha.

Mraba mmoja

Katika maelezo haya, mshono mrefu una maana hii: zungushia uzi mara moja kwenye sindano, choma, vuta uzi, utabaki na vitanzi 3. Pitisha uzi katika vitanzi 2, kisha katika 2 vilivyosalia.

Duara la kwanza ni moyo wa ua. Fuma mnyororo wa vitanzi 4 na uufunge uwe pete. Panda kwa vitanzi 3, ambavyo vitahesabiwa kuwa mshono mrefu wa kwanza, kisha fuma mishono mirefu 11 ndani ya pete. Jumla ni 12. Funga duara na ukate uzi. Manjano hupendeza hapa.

Duara la pili ni petali. Chukua rangi ya ua, uianzie kwenye mwanya wowote kati ya mishono miwili. Katika kila mwanya fuma mishono mirefu 3 bila ya kuimalizia hatua ya mwisho, kisha pitisha uzi katika vitanzi vyote vilivyo kwenye sindano ili petali ikusanyike kileleni. Fuma vitanzi 2 vya mnyororo kabla ya petali inayofuata. Petali zitakuwa 12, na nyanya wa mtaani atakuambia kwamba ua limechanua.

Duara la tatu hugeuza ua kuwa mraba. Kwa rangi ya majani, weka mishono mirefu 3 katika kila nafasi kati ya petali. Lakini katika kila nafasi ya tatu weka mishono 3, vitanzi 2 vya mnyororo, na mishono 3 tena. Hizo ndizo pembe 4. Duara la nne hufuata mtindo huo huo kwa rangi ya msingi, kama nyeupe au maziwa: makundi ya mishono 3 katika kila mwanya wa ubavuni, na makundi mawili katika kila pembe. Mraba utakaribia sentimita 10 kila upande.

Kila unapokata uzi, acha mkia wa sentimita 15, uupitishe kwa sindano ya kushonea ndani ya mishono kuelekea upande mmoja, kisha uurudishe kuelekea upande wa pili. Mkia uliokatwa mfupi ndio unaoliangamiza blanketi katika mfuo wa tatu au wa nne. Surat An-Nahl imetupigia mfano wa mwanamke anayeuharibu uzi wake baada ya kuuimarisha. Mfano ule unahusu viapo na ahadi, lakini aliyewahi kufuma huuelewa uchungu wake kwa vidole vyake mwenyewe.

Kufuma kwa pamoja

Blanketi la mtoto lenye sentimita 80 kwa 100 lahitaji miraba 80, yaani safu 10 za miraba 8. Wanawake 8 wakigawana, kila mmoja ana miraba 10 tu. Hata hivyo mikono haifanani. Kuna mwenye mkono mkazo na mwenye mkono mlegevu, na miraba yao ikikutanishwa, upande mmoja wa blanketi huvutika na mwingine hukunjamana.

Dawa yake ni kipimo kimoja. Kateni kadi ya sentimita 10 kwa 10, kila mfumaji awe na yake. Ambaye mraba wake ni mdogo atumie sindano ya milimita 4.5, na ambaye mraba wake umezidi atumie ya 3.5. Uzi wote ununuliwe kwa pamoja, kwa sababu rangi ya donge la leo huenda isilingane na ya mwezi ujao. Kisha miraba iloweshwe, ivutwe kwa upole na ibanwe kwa pini juu ya taulo hadi ikauke. Pini ziwe zile zisizoshika kutu, kwani unyevu wa Pwani hauna huruma.

Pangeni miraba yote sakafuni kabla ya kuunga hata miwili. Mwacheni aliye mkubwa wenu kwa umri azunguke na kuitazama, kwani jicho lililozoea leso huona haraka rangi mbili zinazogombana. Baada ya hapo unganisheni kwa upande wa nyuma, safu kwa safu, na mmalizie kwa pindo.

Tahadhari moja kwa wazazi: blanketi lenye matundu ni la kumfunikia mtoto akiwa mapajani au mikononi. Mtoto mchanga asilazwe nalo peke yake, kwani laweza kumfunika uso, na vidole vyake vyaweza kunasa katika mishono.

Hesabu isiyofanywa

Wahenga walisema kizuri chajiuza. Hawakutaja bei. Katika mitaa yetu mwanamke hufuma blanketi kwa mwezi mzima, akaja mnunuzi akalishika, akalisifu, kisha akataja kiasi kinachokaribiana na bei ya uzi. Mfumaji hukubali kwa kuona haya, au kwa kuambiwa kwamba hakuwa na kazi nyingine. Kauli hiyo ya mwisho ndiyo inayostahili kuchunguzwa.

Tuchukue mfano. Kila mraba ukiwa na gramu 8, miraba 80 ni gramu 640. Ongeza gramu 100 za kuungia na za pindo, upate 740, yaani madonge 15 ya gramu 50. Tukikadiria donge moja kwa shilingi 150, uzi pekee ni shilingi 2,250. Sasa saa. Mfumaji mzoefu akitumia nusu saa kwa mraba mmoja, miraba yote ni saa 40. Kuficha mikia, kuunga na kutia pindo ni saa nyingine 15. Jumla ni saa 55, ambazo kwa mtu afumaye saa mbili kila usiku ni takriban siku 28.

Blanketi hilo likiuzwa kwa shilingi 3,000, kinachobaki baada ya uzi ni 750. Kigawe kwa saa 55: ni chini ya shilingi 14 kwa saa. Kama mfumaji angejihesabia shilingi 100 tu kwa saa, bei ingekuwa 7,750. Bei za uzi hutofautiana baina ya duka na duka, na kila mmoja aweke tarakimu zake. Lakini hesabu ifanywe kwa maandishi kabla ya donge la kwanza kufunguliwa.

Mnunuzi asiyeweza bei hiyo hana kosa. Kinachofaa ni kumpunguzia kazi, wala si kumpunguzia mfumaji malipo. Miraba 16 hutosha uso mmoja wa foronya ya mto wa sentimita 40, na nyuma yake hutiwa kitambaa cha kawaida. Hiyo ni kazi ya saa 8 pamoja na muda mfupi wa kuunga. Wengi wataimudu, na hakuna atakayedhulumika.

Anayeagiza alipe kwanza gharama ya uzi, na makubaliano yaandikwe: ukubwa, rangi, bei na siku ya kukabidhi. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, iliyomo Surat Al-Baqara, imehimiza kuandikiana madeni na kuweka mashahidi. Udugu na ujirani havivunjwi na karatasi. Mara nyingi karatasi ndiyo inayoviokoa. Na kwa kuwa kuuza kitu ambacho bado hakijafumwa kuna masharti yake katika fiqhi, ni vyema masheikh wetu waulizwe mapema.

Mali ni ya nani?

Dini yetu imemthibitishia mwanamke umiliki wa anachokichuma. Nafaka ya nyumba ni wajibu wa mume, na fedha ya blanketi haimwondolei wajibu huo. Mke akinunua unga au akilipa ada ya mtoto kutokana na mikono yake, huo ni wema wake, na wema hushukuriwa. Usihesabiwe kuwa desturi, wala fedha yake isichukuliwe bila ya ridhaa yake.

Vilevile si kila blanketi ni la kuuzwa. Mama wa Waumini Zaynab bint Jahsh (r.a.) alijulikana kwa kazi za mikono yake na kwa kutoa sadaka kile alichokipata. Kwake yeye kuchuma na kutoa vilikuwa njia moja. Kikundi cha wanawake 8 kinaweza kuuza mablanketi matatu kwa bei ya haki, na la nne kikampelekea mzazi asiye na jamaa karibu, katika arubaini yake. Tofauti kati ya zawadi na dhuluma ni kwamba zawadi hutolewa na mwenye kujua thamani yake. Anayejua kwamba ametoa saa 55 za umri wake kwa ajili ya Allah ametoa kitu kikubwa. Aliyenyang'anywa saa hizo kwa maneno matamu hajatoa kitu, amepunjwa.

Basi mabinti wafundishwe mambo mawili kwa pamoja: sindano na daftari. Binti wa miaka 10 anaweza kufuma duara la kwanza likizo hii, na akaandika kando yake gramu na dakika alizotumia. Akifika umri wa kuuza, atakuwa anajua kufuma ua, na atakuwa anajua la kujibu atakapoulizwa bei.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu abariki mikono ya mama zetu, aziepushe nyumba zetu na dhuluma, na aijaalie riziki yetu kuwa ya halali. Amin.

Wabillahi tawfiq.