Ndege Zimehifadhiwa, Maneno Je?

Yapo mataifa yanayotumia fedha nyingi kuzifufua ndege kuukuu za kivita. Katika uwanja wa Duxford, Uingereza, ipo Catalina iliyoundwa Canada mwaka 1943, ambayo mafundi waliikarabati hata ikaruka tena. Katika makumbusho ya Cosford, nchini humo humo, ipo nyingine iliyowahi kulitumikia jeshi la Denmark. Je, ndege hizo ni historia ya wageni peke yao?

Hasha! Mwaka 1942 kikosi nambari 209 cha jeshi la anga la Uingereza kilihamia Kipevu, upande wa Changamwe, kikiwa na ndege za aina hiyo. Mwaka uliofuata kikosi nambari 259 kikaundwa papo hapo. Catalina ina kiwiliwili cha mashua. Hutua majini, na huweza kukaa angani zaidi ya saa 15. Kwa hiyo ilifaa sana kuzisaka nyambizi. Mnamo Mei 1942 nyambizi za Japani ziliishambulia bandari ya Diego Suarez, Madagaska, kisha zikazamisha meli nyingi baina ya kisiwa hicho na Msumbiji. Wakati huo huo shule ya Allidina Visram, iliyoko kisiwani Mombasa, ng'ambo ya maji kutoka hapa Mkomani ninapoishi, iligeuzwa kituo cha kufumbua maandishi ya siri ya Wajapani.

Habari za marubani na wafumbuzi hao zimeandikwa vitabuni. Lakini bandari na kambi haziendeshwi na maofisa peke yao. Wapo waliobeba, waliopika, waliofua na waliovusha watu kwa mashua. Hao walizungumza Kiswahili, na katika Kiswahili chao mna historia isiyoweza kukarabatiwa Duxford.

Lichukueni neno 'rubani'. Kabla ya kupaa angani lilikuwa neno la baharini, likimtaja mjuzi aongozaye chombo. 'Ndege' nalo ni jina la kiumbe mwenye mbawa, likapewa chombo cha chuma. Sasa, chombo kinachoelea kama mashua na kuruka kama ndege, watu wa Kipevu walikiitaje? Huo ni utafiti unaomfaa mwanafunzi wa sekondari.

Yamkini msomaji atauliza kwa nini tushughulikie zana za vita vya mkoloni. Jibu ni kwamba vita hivyo vilipiganwa kutoka katika maji yetu, kwa jasho la wazee wetu. Tukinyamaza, watakaosimulia ni wenye ndege tu.

Wakati nao hautusubiri. Mtoto aliyekuwa na umri wa miaka 10 mwaka 1942 leo amepita miaka 90, na huko Kipevu gati jipya la mafuta lilifunguliwa mwaka 2022. Basi walimu wa Mkomani, Changamwe na Likoni wawatume wanafunzi kwa wazee, na kwa watoto wa wazee waliokwisha kututoka. Waandike maneno kama yanavyotamkwa, kwa Kimvita chake, bila kuyasahihisha yawe sanifu. Kazi hiyo haihitaji injini wala karakana. Yatosha kalamu, daftari na adabu ya kusikiliza.

Wahenga walinena: mali bila daftari hupotea bila habari. Lugha ni mali.