Ebola ya Kivu: kamati iliyosimamisha majaribio, na swali linalobaki Goma

Tarehe 9 Agosti 2019, kamati ya wataalamu ambao hawakuwa wakitibu mgonjwa yeyote ilisoma matokeo ya wagonjwa 499 wa Ebola wa Kivu ya Kaskazini, ikawaambia watafiti wasimamishe majaribio. Dawa mbili kati ya nne zilizokuwa zikijaribiwa, ZMapp na remdesivir, zisiendelee kutolewa. Siku tatu baadaye Profesa Jean-Jacques Muyembe, kiongozi wa INRB, alitangaza kwamba Ebola si tena ugonjwa usio na dawa. Tarehe 13, mama na mtoto wake waliopona waliruhusiwa kurudi nyumbani hapa Goma.

Majaribio hayo yalianza Novemba 2018 na kufanyika Beni, Butembo, Katwa na Mangina. Jina lake, PALM, ni kifupi cha maneno ya Kiswahili: Pamoja Tulinde Maisha. Mgonjwa alipata dawa moja kati ya nne kwa kura. Daktari hakumchagulia, wala familia.

Kura ya namna hiyo inauma. Mtu amelala anatapika damu, halafu karatasi ndiyo inaamua. Ndiyo maana watafiti hawaachwi peke yao. Kamati huru husoma hesabu wakati kazi bado inaendelea, na watafiti wenyewe hawaonyeshwi jumla. Sababu inaeleweka: anayesubiri dawa yake ifaulu anaweza kuona mafanikio pasipo mafanikio. Kamati ikiona dawa moja inashinda waziwazi, hairuhusu wagonjwa wengine waendelee kupigiwa kura ili tu idadi iliyopangwa itimie. Hapa ilipangwa wagonjwa 725. Waliokwisha kuingia walikuwa 681.

Takwimu zilipochapishwa mwisho wa mwaka huo, kati ya waliopata ZMapp karibu nusu walikuwa wamekufa ndani ya siku 28, na kwa remdesivir zaidi ya nusu. Kwa REGN-EB3 na mAb114 alikufa karibu mmoja kwa watatu. Hiyo mAb114 ilitokana na damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya mwaka 1995. Kwa hiyo Mkongomani alikuwamo ndani ya dawa tangu mwanzo, jambo ambalo wanaosema kila kitu kinatoka kwa wazungu wangepaswa kulisikia mapema zaidi.

Lakini hawakulisikia, au hawakuliamini. Februari 2019 vituo vya Katwa na Butembo vilishambuliwa na kuchomwa moto. Aprili, Daktari Richard Mouzoko wa OMS aliuawa Butembo akiwa kazini. Mtaani watu walisema Ebola ni biashara. Ni wakaaji wangapi wa Butembo waliojua kwamba kulikuwa na kamati yenye uwezo wa kuwasimamisha wale madaktari wenye magari makubwa? Kamati ilifanya kazi yake vizuri, ila kwa mwananchi ilikuwa kama haipo.

Goma yenyewe iliona ushauri wa wataalamu ukikataliwa na wakubwa. Mei 2019, wataalamu wa chanjo wa OMS walipendekeza kuongeza chanjo ya pili, ile ya Johnson & Johnson yenye dozi mbili zinazopishana siku 56. Waziri wa afya Oly Ilunga alipinga. Julai raisi alimpa Muyembe uongozi wa mapambano, na Ilunga akajiuzulu tarehe 22. Chanjo hiyo ilianza kutolewa Majengo na Kahembe katikati ya Novemba. Miezi sita ilipita kati ya ushauri na sindano ya kwanza.

Na si kila jibu la majaribio linaleta furaha. Mwaka 2024, majaribio ya tecovirimat kwa wagonjwa wa mpox huko Tunda, Maniema, na Kole, Sankuru, yalionyesha kwamba dawa hiyo haiharakishi kupona kwa vidonda. Hata hivyo, waliokufa kati ya wagonjwa wote walioingia walikuwa 1.7% tu, chini ya kiwango cha nchi nzima, walipata dawa au hawakupata. Kulazwa na kuhudumiwa vizuri kulisaidia kuliko kidonge. Mtafiti mwenye uchungu na kidonge chake hapendi kuambiwa hivyo, lakini mgonjwa anafaidika.

Sasa tazama hali ya Goma tangu M23 walipoingia mwishoni mwa Januari 2025. Wakati wa mapigano, Msalaba Mwekundu wa kimataifa ulionya kuhusu maabara ya INRB mjini, yenye sampuli za Ebola, kwamba umeme ukikatika hatari ni kubwa. Uwanja wa ndege ukafungwa, benki zikafungwa. Majaribio ya PALM yalipata kibali cha kamati ya maadili ya Chuo Kikuu cha Kinshasa, pamoja na ile ya Marekani. Mwalimu wa kitivo cha tiba hapa Goma anayetaka kupima dawa leo atampelekea nani mpango wake ausome na kuukosoa, na nani atasoma hesabu zake katikati ya kazi?

Vyuo vya Goma na Bukavu vina madaktari na watu wa takwimu. Wapo pia waliopona Ebola, ambao wanajua kuliko profesa yeyote jinsi kura ile inavyoonekana kutoka kitandani. Kuwapa kiti katika kamati kama hiyo, na kuwafundisha kusoma hesabu za majaribio, hakuhitaji kungoja uwanja wa ndege ufunguliwe. Virusi vya Ebola havikungoja mwaka 2018.